Sanamu Lazima Ibebe Mzigo

Cha, cha, cha-cha. Njuga za miguuni. Mpaka leo nikitulia kidogo nazisikia, zikitoka kwenye redio ya duka la Mhindi pale Gongoni, Tabora, kila Jumamosi alasiri, na sisi tuliojazana barazani tunanyamazishana: "Shhh! Huyo anakuja!"

Aliyekuwa anakuja ni Mpagazi. Hakuwa na jina jingine. Alikuwa mtu wa mchezo wa redio, mzee wa Kinyamwezi anayetembea kwa miguu kutoka kijiji cha ujamaa hadi kijiji cha ujamaa, mzigo begani, akiuliza maswali ya kijinga ambayo mwisho wake yanamuumbua mwenyekiti mvivu au karani mwenye maringo. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Ila sura yake hakuna aliyeijua. Mimi nilimwona mrefu mwembamba. Shoga yangu aliapa kwamba ni mfupi na ana kitambi.

Sasa ikatangazwa kwamba Mpagazi ataingia kwenye kitabu cha kisomo cha watu wazima, na mchoraji hajui amchore vipi. Basi wasikilizaji wenyewe watengeneze sanamu, na itakayoshinda ndiyo itakuwa sura yake ya halali, nchi nzima. Mshindi atapanda treni hadi Dar es Salaam, akae karibu na mchoraji wakati anachora. Mimi niliishia darasa la saba, na safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda Itetemia kulima. Nilianza kusikia treni ikiniita hata nikiwa naosha masufuria.

Bwana utamaduni wa mkoa alikuja dukani na karatasi, akapanda juu ya kreti la soda.

"Ndugu wananchi, kanuni ni hizi. Sanamu isizidi shibiri moja. Udongo, mti, gunzi, matambara, chochote cha nyumbani. Rangi ya dukani hapana."

"Ah, basi miye nimeshapata hasara!" akasema Mhindi wetu, watu wakaangua kicheko.

"Isifanane na mtu yeyote aliye hai."

"Hata mwenyekiti wetu?" sauti ikatoka nyuma.

"Hasa mwenyekiti wenu. Mtu mmoja, sanamu moja. Ikiwa bado mbichi mniletee niigonge muhuri unyayoni, tusije tukaletewa kazi ya fundi. Ikiharibika baada ya muhuri, pole yako, hakuna nyingine. Na la mwisho: sanamu lazima ibebe mzigo, na mzigo ushikane na mwili. Mpagazi asiye na mzigo ni mzururaji tu."

Udongo niliuchimba Itetemia, kando ya njia ya zamani ya misafara. Njia yenyewe imekufa siku nyingi, lakini ukipita unaijua: nyasi zinaikwepa, na ardhi yake imekanyagwa hata mvua hailainishi. Nilichukua pembeni, panapokaa maji. Udongo mweusi, baridi, jua likiwa la utosi.

Nilitaka Mpagazi anayecheka. Wallahi nilitaka hivyo. Nikimwinua pembe za mdomo, nikigeuka kuchota maji, nikirudi mdomo umeshuka. Nikadhani ni uzito wa udongo. Sikio la kushoto likachanika nikiwa nalibana, nikaliacha. Kwenye bega la kushoto kukabaki kijiwe ndani, kikafanya nundu, na juu ya nundu hiyo ndipo mzigo ulipokaa vizuri, nikauweka hapo. Vidole vilikuwa vinanitangulia, mimi nikivifuata nyuma kama mtoto anayepelekwa sokoni.

Bwana utamaduni alipogonga muhuri hakunitania kama wengine. Aliitazama, akaandika, kisha akaigeuza uso uelekee ukutani. Sidhani hata alijua kwamba amefanya hivyo.

Nikairudisha nyumbani Cheyo ikauke kivulini. Nilikuwa naishi na bibi yangu, mzaa mama, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Aliona kwa mikono. Nikamwekea sanamu mapajani, nikingoja anisifu.

"Haya bibi, mpapase bwana harusi wako."

"We mtoto, bwana harusi wa shibiri nitamfanyia nini?" Akacheka. Vidole vikapanda miguuni, kiunoni, vikafika begani. Vikasimama kwenye ile nundu. Vikaenda kwenye sikio. Kicheko kikamwishia.

"Hili sikio nani alikwambia?"

"Hakuna, bibi. Limechanika tu, udongo haukukandika vizuri."

"Halikuchanika tu. Alianguka kwenye mti akirina asali, tawi likalichana. Na hii sugu ya bega la kushoto, kwa sababu alikuwa mashoto." Akaipapasa tena, polepole, kama anayesoma. "Baba."

Niliwahi kusikia habari za huyo baba, ila kwa juu juu. Alikwenda pwani na msafara wa mwisho mwisho, bibi akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Reli ikafika Tabora, wapagazi wenzake wakatupa mizigo wakarudi kulima, yeye hakurudi. La sikio sikuwahi kuambiwa. La bega pia.

Jioni nilipopakua ugali, bibi hakunawa.

"Kula, bibi."

"Nitakulaje? Baba yangu amesimama na mzigo."

Kwetu msafiri haulizwi habari, wala hasalimiwi, kabla hajatuliwa mzigo. Unaupokea kwanza, unauweka chini, ndipo unasema karibu. Na mtoto kula mbele ya mzazi aliyesimama amelemewa ni jambo ambalo hata kulitaja ni aibu. Bibi akakaa mbele ya sanamu, mikono mapajani, kama msichana aliyeambiwa asubiri.

Kesho yake hivyo hivyo. Maji alikunywa, chakula hapana. Nikamwambia huyu ni Mpagazi wa redio, mimi ndiye nimemfinyanga, angalia, hata muhuri anao. Akanijibu kwa upole, "Najua umemleta wewe, mjukuu wangu. Ahsante. Mtue basi."

"Mtue wewe, bibi."

"Siufikii. Niko mgongoni kwa mama."

Alisema kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Nikakimbia hadi kwa bwana utamaduni. "Shikamoo. Naomba kuuliza, mzigo hauwezi kukaa chini, karibu na miguu?"

"Marahaba. Kanuni umeisikia, binti. Ushikane na mwili."

"Na nikitengeneza nyingine?"

"Una muhuri mmoja. Kwani ina nini? Yako ndiyo inayozungumzwa ofisini." Akashusha sauti. "Ukiiacha kama ilivyo, anza kufunga mizigo yako ya Dar."

Nilirudi nikitembea polepole, niendelee kuiwaza ile treni kidogo zaidi. Nilijiona dirishani, nimevaa kitenge kipya, nawapungia mkono watu wa kila stesheni.

Nyumbani bibi alikuwa amesinzia ukutani, midomo imekauka, mashavu yameingia ndani. Nilimwita mara mbili kabla hajaitika, na alipoitika hakuniitikia mimi, aliitikia upande wa sanamu. Nikamlaza mkekani.

Nikaitazama ile sanamu. Miguu ilikuwa imeshakauka, migumu, inalia ukiigonga kwa ukucha. Bega lilikuwa bado bichi, linang'aa, kama lenye jasho. Na lilikuwa limeinama kuliko nilivyoliacha.

Shoga yangu alipita uani akaniita, "Twende, redio inaanza!" Nikamwambia atangulie. Nikachomoa uzi kwenye pindo la khanga yangu, nikauvuta ukakaza. Nikaupitisha kati ya bega na mzigo, taratibu, nisimguse sikio. Udongo ukaachia bila ubishi. Kile kipande kilikuwa hakizidi limau, lakini nilikipokea kwa mikono miwili, na magoti yakanipinda. Nikakitua chini.

"Karibu," nikasema. "Pole na safari."