Kidonge cha Alfajiri na Maziwa ya Mbuke

Mwezi wa tisa mwaka 1979, jua la Ushirombo likiwaka hadi kuku wanatembea midomo wazi, Anisia alionekana shambani anang'oa mabua ya pamba amevaa koti la mumewe. Watu walicheka siku mbili tatu, kisha wakaacha. Uso ulikuwa umemvimba. Alisinzia ameketi, kijiko mkononi. Mwanamke aliyezoea kumuuliza mtu maswali kumi kabla hajajibiwa moja, sasa alisahau swali akiwa katikati yake.

Kilichomuuma zaidi ni sauti. Tangu akiwa msichana ndiye aliyeanzisha nyimbo katika misa ya asubuhi, kila siku, mvua au jua. Sasa sauti ilitoka nzito, ya kukwaruza, hata watoto waligeuka kuangalia ni mwanamume gani kakaa upande wa akina mama.

"Huu si ugonjwa wa hospitali," alisema Bujiku, shemeji yake, mfuga ng'ombe ambaye hakuwahi kubatizwa na hakuwa na mpango huo. Hakutaja jina. Hakuna aliyehitaji kutajiwa. Nyumba ya pili kutoka pale alikaa Mbuke, shangazi yao Bujiku na Tarsisi mumewe Anisia, mjane asiye na mtoto, macho mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe alichopikia miaka arobaini. Miaka ile, upande ule, bibi mwenye macho mekundu hakuhitaji kufanya kosa. Ilitosha jirani yake augue.

Tarsisi, ambaye alikuwa mtu wa kutaka amani na kila mtu, alikata shauri: waanze na hospitali. Ikishindwa, watakwenda kwa mganga kule Ushetu.

"Na mganga akitaja mtu?" Anisia aliuliza.

"Akitaja, ametaja," Bujiku akajibu.

Mwaka uliotangulia, kijiji cha jirani, mganga alitaja. Bibi aliyetajwa alikutwa asubuhi mlangoni kwake amekatwa mapanga. Anisia alikuwa amemwimbia siku ya mazishi. Kwa hiyo alipopanda baiskeli nyuma ya mumewe kwenda hospitali ya misheni, alijua anabeba roho mbili, yake na ya Mbuke.

Daktari, Mholanzi mrefu mwenye soksi zisizolingana, alimgonga goti kwa kinyundo cha mpira. Mguu uliruka, kisha ukarudi polepole kama mtu anayeamshwa wakati usingizi haujamwisha. Hata katika uzito wake, Anisia alishangaa. Akaomba kinyundo ajaribu goti la Sista Eufrasia, muuguzi aliyekuwa akitafsiri. Sista akakubali. Mguu wa Sista ulirudi mara moja.

"Kwa nini wako na si wangu?"

Sista alimshika shingo chini ya koo. "Hapa kuna tezi. Ndiyo inayochochea moto wa mwili wote. Yako imechoka, moto unafifia, ndiyo maana una baridi, umevimba, na sauti imekauka. Lakini daktari hataki kubahatisha. Anataka damu."

Damu ilijaza chupa ndogo, na chupa ikawekwa katika mfuko wa padre aliyekuwa anakwenda likizo Uholanzi, kwa kuwa kipimo kile hapa jirani hakikuwepo. Anisia alirudi nyumbani akisimulia njia nzima. Damu yake imepanda ndege, yeye mwenyewe hajafika hata Tabora. Je, huko kwenye baridi itakaa salama? Je, watajua ni ya Msumbwa?

Majibu yalirudi kabla ya Noeli, namba moja ndogo kwenye karatasi. Daktari alimpa vidonge vidogo vyeupe. Kimoja kila alfajiri, kwa maji, tumbo likiwa tupu, kisha asubiri kabla ya kula. Baada ya miezi mitatu damu ipimwe tena.

"Nitameza mpaka lini?"

"Maisha yote," alisema Sista. "Tezi haitaamka. Kidonge kinafanya kazi yake."

Alimeza. Miezi mitatu hakukosa hata siku moja. Mwanzoni usingizi ulipungua kidogo, akafurahi, kisha mambo yakasimama palepale. Koti halikutoka mgongoni. Mwezi wa tatu damu ikapanda ndege tena, na mwezi wa tano namba ikarudi imesogea kidogo tu, daktari akakuna kichwa.

"Hospitali tumeiona," alisema Bujiku jioni ile. "Wiki ijayo tunakwenda Ushetu."

Tarsisi aliangalia chini. Anisia hakulala vizuri. Kesho yake, bila kumwambia mtu, alikwenda kwa miguu hadi hospitali, saa tatu nzima na miguu yake iliyovimba, akamkuta Sista Eufrasia anakunja bendeji.

"Nataka kujua kinakwenda wapi kile kidonge," alisema. "Namba ile ni ya damu yangu. Lazima kuna sababu."

Sista aliacha bendeji. "Nisimulie asubuhi yako. Usiruke kitu."

Akasimulia. Naamka, nanawa, kengele inalia, naenda misa. Nakomunika. Nikitoka napitia kwa shangazi Mbuke, ananiwekea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, mazito, ananionea huruma kwa ugonjwa huu. Natoa kidonge kwenye fundo la kanga, nakimeza kwa maziwa yale, na michembe kidogo ya viazi vikavu.

"Nilikwambia maji na tumbo tupu."

"Uliniambia, Sista. Lakini nakomunika kila siku. Padre aliyetufundisha komunyo ya kwanza alisema tangu usiku wa manane kisipite kitu kooni, hata maji. Nasikia siku hizi wamelegeza. Nikafikiri hayo ni ya watu wavivu."

Sista Eufrasia alicheka mpaka akafuta macho, halafu akaacha kucheka. "Anisia, dawa haivunji mfungo. Wala maji. Kamuulize padre. Na dawa hii ikikuta maziwa tumboni, mwili hauipati sawasawa. Umekuwa ukiimeza na kuipoteza asubuhi ileile."

Jibu lilikuwa limepatikana, na kwa hatua mia za kwanza Anisia alitembea akiwa na furaha ya mtoto aliyefungua kufuli. Kisha akasimama katikati ya njia. Maziwa ya Mbuke. Akilisimulia nyumbani kama alivyolipata, Bujiku hatasikia mfungo wala tumbo tupu. Atasikia maziwa, na atasikia Mbuke. Aliogopa, na akakasirika kwa kuogopa, maana maisha yake yote hakuwahi kuficha jibu la swali.

Alipita kwanza kwa bibi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umechelewa, maziwa yamechacha zaidi."

Anisia alimweleza yote. Mbuke alisikiliza huku akifunika na kufunua kibuyu.

"Basi wanasema kweli," alisema. "Ni mimi."

"Si wewe. Ni mimi na mfungo wangu."

"Nilijua wanayosema, mwanangu. Nilitaka kuacha kukupa. Nikaona nikiacha watasema nimeshamaliza kazi."

Anisia alilia hapo hapo, kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Alipomaliza, walipatana: kidonge alfajiri kwa maji, maziwa jua likiwa utosini.

Nyumbani alisema sehemu tu. "Kosa ni langu. Nilikuwa nachelewesha dawa kwa ajili ya komunyo na kuimeza pamoja na chakula. Nipeni mpaka pamba iuzwe. Nikiwa hivi hivi, nitakwenda Ushetu kwa miguu yangu."

Tarsisi alikubali upesi kuliko kawaida yake. Bujiku alisema pamba haiko mbali.

Padre alithibitisha kuhusu mfungo, akamwuliza amekuwa akiteseka hivyo kwa miaka mingapi. Anisia akaanza kuamka kabla ya kengele. Wiki ya nne aliamka akiwa na njaa. Mwezi wa saba koti lilirudi msumarini. Siku moja, katikati ya misa, sauti ilipanda hadi pale alipokuwa hafiki, ikakaa, na yeye mwenyewe akaisikiliza kwa mshangao kiasi cha kusahau ubeti wa pili. Mwezi huohuo akatoa damu kwa mara ya tatu.

Karatasi ilifika mwezi wa tisa, wakati wa kung'oa mabua. Aliisoma uani, Tarsisi na Bujiku wakiwa kwenye vigoda, kidole chini ya namba. Daktari alikuwa ameandika kando: vizuri sana, endelea, tupime tena mwakani.

Mchana ule Mbuke alitokea na kibuyu. Tangu ugonjwa uanze hakuwa ameingia uani mle, na akasimama pale penye lango la ua.

"Karibu, shangazi," Anisia alisema. "Kaa."

Alipokea kibuyu, akanywa mbele yao, kisha akampa Bujiku. Bujiku alikishika kwa mikono miwili. Alimtazama shemeji yake, ngozi inang'aa, sauti imerudi, na akamtazama bibi. Hapakuwa na njia ya kukirudisha bila kusema neno ambalo sasa lingemwaibisha. Akanywa.

"Umemeza?" Anisia aliuliza.

"Nimemeza."

"Basi nitakwambia lililobaki."

Akamwambia yote, maziwa na kidonge na kwa nini alinyamaza. Tarsisi alifunika uso kwa kiganja. Bujiku aliweka kibuyu magotini, akajipapasa tumbo kama anayesubiri kitu kitokee. Hakikutokea kitu.

"Maziwa mengine yamebaki?" hatimaye akamwuliza shangazi yake.

Mbuke alivuta kigoda akakaa.