Kinga Kama Mulivyoiacha

Bashemeki wangu, ndugu za marehemu mume wangu, walichukua kila kitu nyumbani isipokuwa baiskeli, kwa sababu baiskeli ilikuwa imekufa. Walichukua gari, wakachukua viti vya sebuleni, friji, redio, hata koti lake ambalo lilikuwa bado linanukia jasho lake. Kilio hakijapoa. Mimi nimekaa chini kwenye mkeka, nguo nyeusi mwilini, nawatazama wanavyopita mlangoni na vitu vyangu vichwani. Cherehani tu waliikosa, maana niliikumbatia na hakuna aliyethubutu kunibandua. Mdogo wake marehemu alipofika kwenye kona ya baraza, akaisukuma baiskeli kwa mguu, ikaangukia ukutani.

"Ile kinga ilikufa zamani," akasema. "Mumuachie."

Wakacheka. Kile kicheko nilikisikia mpaka kwenye mifupa.

Kinga ndivyo tunavyoita baiskeli hapa Lubumbashi, na hiyo haikuwa kinga ya kubebea makala, ule mkaa wa kupikia. Ilikuwa ya umeme, ya kupandia vilima na njia za porini: matairi manene yenye meno, springi kwenye mikono ya mbele, mota ndani ya gurudumu la nyuma. Mume wangu aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anamaliza mkataba wake mgodini na kurudi kwao. Kila Jumamosi, siku ya posho, alitoka nayo hapa kwetu Ruashi akaingia porini kwa njia za wachoma makala, akarudi mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka viatu, anacheka peke yake. Baadaye betri ikakata roho, mota ikaanza kusaga, halafu kisukari kikamlaza mwenyewe. Kila nikimgeuza kitandani aliniambia, "Nikipona, tutaitengeneza." Hakupona.

Mimi ni mshonaji. Mtu aliyezoea kufungua cherehani, kuisafisha na kuifunga tena haogopi mashine. Siku moja, nimechoka kulia, nimechoka zaidi kuambiwa "vumilia, mama, ni Mungu," nikaipindua ile kinga miguu juu nikachukua bisibisi. Kwa nini? Hasira. Sina jibu lingine na silitafuti. Kitu kilichochekwa ndani ya nyumba yangu, nilitaka kukiona kinasimama.

Nilipofungua mota nikakuta meno yake ya plastiki yamelika yote. Betri ndiyo usiseme, ilikuwa jiwe. Na hapa kuna kichekesho cha kwetu. Malori yanayobeba madini ya kutengenezea betri za dunia nzima yanapita mbele ya nyumba yangu, yanatikisa madirisha, yananimwagia vumbi kwenye nguo za wateja. Na mimi nikatafuta betri moja tu kama mtu anayetafuta mvua mwezi wa saba! Kila duka: "Mama, ile haiko huku, ile iko Ulaya." Ulaya! Kwani huko Ulaya wanaichimba kwenye bustani gani? Mwishowe yule mama wa Kampemba anayeniuzia vitenge, ambaye hufuata mali mpaka Dar es Salaam, aliniletea betri, gurudumu jipya lenye mota yake, na kile kisanduku kinachoongoza umeme, vyote vimefichwa katikati ya marobota ya nguo. Alivishusha mlangoni akaniuliza, "Na wazimu huu ulianza lini?" Nikamwambia ulianza kwenye kilio.

Nilijifunza kwa kukosea. Kwanza niliupaka mnyororo mafuta ya cherehani, tele, kwa roho safi. Vumbi la Ruashi likaja likakaa humo likastarehe, mnyororo ukasagika mpaka ukakatika nikiwa mbali porini, nikaisukuma kinga hadi nyumbani huku natukana. Tangu hapo nausafisha kwa mafuta ya taa, naukausha kwa kitambaa, natia tone kwenye kila kiungo na kufuta linalobaki juu. Betri siichaji ikiwa bado ina joto la njiani, wala siiachi ilale tupu. Umeme wa kwetu una tabia zake, basi ukirudi mchana naacha pasi, nachomeka betri kwanza. Wateja wananuna. Wanune. Maungio ya nyaya niliyafunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, kwa sababu mvua za huku haziulizi ruhusa. Nikaweka matairi mapya yenye meno marefu, nikabadilisha breki zote, nikakaza waya mpaka ukashika kwa kidole kimoja.

Siku ya kwanza nilipotoka nayo nilivaa suruali chini ya kikwembe changu cha kitenge, nikapita katikati ya mtaa. Mawe, mama yangu wee! Ungesema nimepita uchi. Bamama wa kwaya waliokuwa wanatoka kanisani walisimama wote. "Mujane anapanda kinga!" mmoja akapiga kelele. "Mama, heshima iko wapi?"

"Niko nayo hapa nyuma, niliipakia!" nikamjibu, nikakanyaga pedali.

Nikaufuata ukuta wa mgodi mpaka ulipoishia, nikaingia kwenye miti. Njia ya makala ni nyembamba, inazunguka vichuguu vikubwa kuliko nyumba, inashuka kwenye kijito, inapanda tena kwa mizizi na mawe. Wachoma makala wanakuja na magunia yao, wanasukuma, jasho linawatiririka, wewe unakaa pembeni unawapisha, maana mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Kwenye mpando mota ikaamka chini yangu, ikanisukuma, nikafika juu nikazima kila kitu. Nikalia pale. Kwenye kilio nililia kwa zamu, kila mgeni akiingia, mtu akinishika bega. Huko juu hakuna aliyenishika. Nililia mpaka nikamaliza, nikanawa uso kwa maji ya chupa, nikashuka. Nikarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine, mwaka ukaisha hivyo.

Mpaka shemeki yangu, yule wa teke, akaniona. Nilikuwa napanda kutoka kijitoni, yeye yuko barabarani kwenye gari la kaka yake. Nilimpungia mkono. Hakujibu. Nikajua watakuja.

Walikuja Jumapili baada ya misa, yeye na shangazi yao, mama mkubwa wa ukoo, anayesikilizwa na wote. Nikawatolea viti vya plastiki, nikawapa maji, nikakaa chini mbele yao kama inavyotakiwa.

"Shemeki," akaanza, "tulikuya ju ya kinga ya ndugu yetu."

"Kinga gani? Ile ilikufa zamani?"

Akakohoa. "Sasa ilifufuka."

"Ilifufuka yenyewe? Aleluya."

Shangazi akainua mkono. "Mwanangu, usibishane. Kitu ya marehemu iko ya jamaa, unajua. Na tena, mujane mu pori, juu ya kinga, pamoja na bantu ba makala! Bantu beko banasema."

"Banasema nini, mama?"

Akanitazama usoni. "Banasema kilio yako ilikuwa ya bongo."

Mimi niliyemgeuza yule mtu kitandani, niliyemlisha bukari, ugali wa kwetu, kwa vidole hadi siku alipokataa kufungua mdomo, kilio changu cha uongo! Nilitaka kumwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mkwe. Nikayauma. Nikawaza: wakichukua kinga hii, sitakuwa na pa kwenda kulia, wala pa kwenda kucheka, nitabaki kukaa ndani kama kabati bovu ambalo hakuna anayelitaka. Halafu nikawaza tena, taratibu, na roho ikatulia.

"Muko na haki, mama," nikasema. "Kinga ya ndugu yenu mutaipata. Mukuye siku ya posho, asubuhi."

Shemeki alitabasamu. Shangazi hakutabasamu, aliniangalia kwa muda mrefu, mwanamke yule si mjinga.

Katika mji huu hakuna anayetupa chuma. Kila nilichokitoa kwenye ile kinga nilikuwa nimekitia ndani ya beseni chini ya kitanda. Wiki nzima, nikifunga kazi ya kushona, nafungua kazi ya kubomoa. Nikatoa gurudumu langu, nikarudisha lile lenye meno yaliyolika. Nikatoa betri yangu, nikarudisha lile jiwe. Nikavua matairi na breki zangu, nikarudisha vipara na breki za zamani. Mnyororo wa kwanza niliuunga, nikaurudisha na kutu yake. Fremu na springi za mbele zilikuwa zake kweli, sikuzigusa. Mimi si mwizi. Lakini kila nati niliyolegeza iliniuma, nisiwadanganye, kwa sababu sasa nilikuwa nakiua mara ya pili kitu nilichokifufua kwa mikono hii. Ijumaa jioni nikaibeba hadi kwenye kona ya baraza, nikaisukuma kwa mguu, ikaangukia ukutani.

Walikuja na pikapu. Shemeki aliinua kinga, akaipangusa kiti, akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Akainama kuchungulia.

"Haiwake."

"Ee. Ilikufa zamani."

"Na moteri?"

"Moteri iko yangu. Batri iko yangu. Mapneu yenye meno iko yangu. Hii njo kinga ya ndugu yenu, kama mulivyoiacha. Angalia muzuri, kama kunakosa hata bulo moja, hata nati, uniambie mbele ya mama."

Akamgeukia shangazi yake. Shangazi akaitazama kinga pale ukutani. Nadhani aliikumbuka ile siku ya teke na kicheko. Nikaongeza, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza, "Mtupa jongoo hutupa na mti wake, mama. Ninyi mulirudia kuokota mti."

"Inatosha," akasema shangazi, na sikujua anamwambia nani. "Ipakieni, tuende."

Wakaipakia. Pikapu ilipokata kona nilikaa pale barazani nikaitazama ile nafasi tupu. Ilikuwa fremu yake. Mikono yake ilishika pale, pale. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu, na liliniumiza kuliko gari, viti na friji kwa pamoja.

Lakini Jumatatu niliamka. Mchoma makala mmoja niliyezoea kumpisha njiani alikuwa na kinga kuukuu, chuma kizito, bomba refu la juu, imara hata tembo angekaa. Niliinunua. Nikaipeleka kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia apanue mikono ya nyuma gurudumu langu lipite, aweke kipande cha kushikia breki, aniwekee kiota cha betri katikati.

"Mama," akasema, "hii kinga iko ya makala. Haitaki kuran, haitaki umeme."

"Haikuulizwa. Choma."

Akachoma kombo, nikamrudisha, akachoma tena sawasawa, ananung'unika. Gurudumu la mbele lilibaki lile kubwa la makala, la nyuma langu dogo lenye mota, kwa hiyo ikainuka mbele ikachuchumaa nyuma kama fisi. Springi hakuna. Kila jiwe la porini linapanda moja kwa moja hadi kwenye meno. Breki ya mbele ni ya zamani, inalia. Watoto wa mtaa wanaicheka, bamama wa kwaya sasa wananionea huruma, jambo ambalo ni baya zaidi. Na ile fisi inapanda! Jumamosi ya kwanza ilinifikisha juu ya mpando wangu, polepole, inanguruma, na wachoma makala wawili waliokuwa wanapumzika pale wakaitambua fremu ya mwenzao wakapiga makofi.

Shemeki alikuja baada ya mvua za kwanza. Nilikuwa nimeshapanda, mguu mmoja chini, mlango wa ua uko wazi, naelekea porini. Alikuwa peke yake, anaisukuma kinga ya kaka yake, matope mpaka magotini. Alikuwa ameifungua mahali asipopajua, waya unaning'inia.

"Shemeki," akasema bila kuniangalia, "nilizunguka mafundi yote. Banasema weye njo unajua."

"Banasema pia kilio yangu ilikuwa ya bongo."

Nikasubiri aanze habari za jamaa na haki ya jamaa. Mwaka mzima nilikuwa namsikia: kitu ya ndugu yangu, gari ya ndugu yangu, kinga ya ndugu yangu. Akaushika usukani mahali pale pale mume wangu alipokuwa anaushika.

"Alikuwa ndugu yangu," akasema.

Basi, hakuweka gari wala kinga mbele ya neno hilo, na mimi nilikuwa sijawahi kulisikia kwake likiwa limesimama peke yake. Sikumkumbatia. Sikushuka kwenye kinga yangu. Nilitoa bisibisi kwenye mfuko wa suruali nikamnyooshea.

"Ipindue miguu juu," nikamwambia. "Anza na gurudumu ya nyuma. Utakuta meno ilikwisha yote."

Akaichukua, akapiga magoti kwenye matope ya ua wangu. Nikampita nikaenda porini.