Macho ya Mtasema

Nikiwasimulia watu kisa hiki, wengine hucheka, wanasema harufu ya rangi imenipanda kichwani. Wewe pia cheka ukitaka. Lakini sikupi habari za kusikia. Kilinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Geita, tena mchana, jua linawaka.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Ukipita Kalangalala ukaona saluni au duka la nafaka lenye maandishi mekundu yenye kivuli cha njano, huo ni mkono wangu. Mbwa nilikuwa sijawahi kumchora, mpaka siku aliponijia Mama Kulwa.

Mume wake, Masanja, alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Alikwenda machimboni, porini upande wa Bukombe, yeye na mdogo wake Mabula, pamoja na mbwa wake. Mabula akarudi peke yake. Akasema kaka yake amepata mwanamke mwingine, wamepanda basi la Kahama. Baadaye mbwa naye akarudi. Alikuwa amekonda, amejaa tope jekundu lililokaukia kwenye manyoya, na makucha ya mbele yameng'oka.

"Shikamoo, fundi," Mama Kulwa aliniambia. "Nataka unichoree mbwa wa Baba Kulwa."

"Marahaba. Mbwa? Si bora nikuchoree Baba Kulwa mwenyewe?"

Akatikisa kichwa. "Wakwe zangu wamekataa. Wanasema nikitundika sura yake ukutani nitakuwa nimemuua mtoto wao. Matanga hawataki, hata kulia wananikataza. Lakini mume wangu amekufa, fundi. Masanja angeweza kuniacha mimi. Mtasema asingemwacha."

Mtasema ndilo jina la mbwa huyo. Masanja alimwita hivyo kwa ajili ya majirani waliomsengenya kwamba anamnunulia mbwa nyama.

Nikaenda kwa Mama Kulwa, nikasimamisha ubao wangu uani, kwenye kivuli cha ukuta wa jiko. Mtasema akaja akaketi mbele yangu. Hakuna aliyemfunga kamba, hakuna aliyemwita. Umewahi kuona mbwa anatulia kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho? Alikuwa wa rangi ya udongo, kifua cheupe, sikio moja limepasuka. Siku hiyo nilimaliza mwili wote, huku Mama Kulwa akikata viazi vya kuanika michembe na kunieleza jinsi mume wake alivyokuwa akigawana ugali na mbwa huyo.

Kesho yake alasiri nikarudi kuchora macho.

Jicho lina siri yake. Ukitaka lionekane hai, uchore na kile kinachong'aa ndani yake. Kwa hiyo nikasogea, nikamtazama Mtasema machoni. Nikajiona mwenyewe humo, mdogo, nimeshika brashi. Nyuma yangu nikaona ukuta na geti la bati. Na pale getini alisimama mtu.

Nikageuka. Geti lilikuwa limefungwa kwa komeo. Uani hapakuwa na mtu zaidi ya Mama Kulwa, naye alikuwa jikoni, namsikia akikohoa kwa moshi.

Nikajiambia ni uchovu wa macho. Nikamtazama tena mbwa. Niamini, yule mtu alikuwa amesogea. Sasa alikuwa kwenye pipa la maji. Niliona jezi ya kijani, bega moja limeshuka vibaya, na miguuni ana buti moja tu la mpira. Mguu mwingine ulikuwa wazi. Uso sikuuona vizuri, ulikuwa na vumbi kama la unga. Mtasema hakunguruma. Alikuwa akipiga mkia chini, taratibu, kama mbwa anayemwona mwenyewe anarudi nyumbani.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Ningekimbilia wapi? Ili nikimbie ilibidi nigeuke, na kugeuka nilikuwa nakuogopa kuliko kitu chochote. Nikaona afadhali nichore. Nikamchora yule mtu ndani ya jicho, mdogo kama punje ya mchele, na jezi yake, na bega lake, na buti lake moja. Nilipokuwa nafanya hivyo nikasikia baridi shingoni, na harufu ya udongo mbichi wa chini kabisa, ule usiowahi kuona jua. Kisha kitu kizito kikatua begani mwangu.

Brashi ikanidondoka. Kile kitu kikaondoka.

Mama Kulwa akatoka jikoni, akainama mbele ya ubao.

"Fundi, jezi hii umeiona wapi?"

Akajifunika uso kwa khanga, akaanza kulia kwa sauti, kilio alichokuwa amekatazwa. Majirani wakajaa. Habari zikafika kwa wakwe, na asubuhi mzee, baba yake Masanja, akaja na Mabula kuchukua ile picha wakaichome.

Mabula ndiye aliyeinyanyua. Akaitazama kwa karibu. Ubao ukamponyoka, ukaanguka.

"Buti la pili ninalo mimi," akasema.

"Unasema nini?" mzee akauliza.

"Lipo chini ya kitanda changu, baba. Duara, shimo tulilokuwa tunachimba, liliporomoka, nikamshika kaka mguu nikamvuta. Buti likabaki mkononi. Msimamizi alikuwa amelifunga lile shimo, magogo yalikuwa yameoza. Mimi ndiye niliyemwambia twende. Nikaogopa. Mbwa alibaki anafukua, mimi nikaondoka."

Mzee hakumpiga wala hakumtukana. Alikaa chini pale pale vumbini, mtu mzima yule, akaomba maji.

Ndugu na majirani walikwenda machimboni, wakachimba siku mbili, wakampata Masanja chini ya kifusi. Ana jezi ya kijani. Mguu mmoja hauna kiatu. Tukamzika, na Mama Kulwa akakaa matanga kama wajane wengine. Mabula alihama, hatujui aliko.

Ungedhani yameishia hapo. Mimi nilidhani hivyo.

Tulipotoka makaburini, Mtasema hakumfuata Mama Kulwa. Alinifuata mimi. Amerudishwa kwake mara nyingi, hakai. Analala mlangoni pa kibanda changu, na nikifanya kazi anaketi mbele yangu akitazama juu kidogo ya bega langu, huku akipiga mkia. Kila Jumapili Mama Kulwa analeta sufuria la chakula. Ananisalimia, kisha anainua macho kidogo na kusema polepole, "Umeshindaje, Baba Kulwa?" Halafu anasubiri, kama mtu anayesikiliza jibu.

Nimeacha kuchora chochote chenye macho. Naandika herufi tu. Nawe, ukifiwa, ukataka kumchora mnyama aliyebaki akimsubiri mpendwa wako, mwambie mchoraji amchore amelala, macho amefumba. Na ukifika kibandani kwangu, pitia mbele, unisalimie nikuone. Usije kwa nyuma ukanigusa bega. Siku hizi sigeuki.