Nani Alilipia Dawa ya Bure?

Ebola ilipokuwa inatumaliza kati ya Beni na Butembo, tulibahatika kupata tabibu mkubwa. Hakusomea udaktari wala hakuwahi kugusa mgonjwa. Alikuwa anagombea ubunge. Alipanda juu ya gari, akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba ugonjwa haupo. Sisi sote tukarudi nyumbani tumepona.

Nilikwenda kumsikiliza na mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Anauza unga wa muhogo sokoni Butembo. Mihogo anaifuata mwenyewe Kalunguta, na sijaona mkulima wala dereva aliyewahi kumzidi kwa maneno. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba alikuwa mjinga. Wajinga hawapotezewi hotuba nzuri kiasi kile.

Bwana mkubwa alianza na "wasingya, wasingya", akitushukuru kwa Kinande chetu, lugha ambayo nasikia watoto wake hawaijui hata kuombea maji. Kisha akatuvika kilemba cha ukoka.

"Bandugu zangu! Huu muji muliujenga nyinyi benyewe. Serikali hapana kubapatia hata tofali moja. Ni kweli ao ni bongo?"

"Ni kweli!" tulijibu, na kweli ilikuwa kweli. Hata mimi nilinyoosha mabega, ingawa sijawahi kujenga hata banda la kuku.

"Donc nyinyi ni bafanyabiashara. Hapa kwetu, hata matabishi iko ndani ya bei. Sasa hii chanjo, dawa ya bure, nani alilipa? Na juu ya nini?"

Matabishi ni ile konzi ya unga anayokuongezea muuzaji baada ya kukupimia, na kila mama wa soko anajua kwamba ameshaipigia hesabu kabla hujafika. Yule bwana hakutuletea wazo jipya. Alichukua akili yetu wenyewe, ile tunayojivunia, akatufunga nayo mikono.

Alipomaliza alishuka akatupa mkono sisi sote, mmoja mmoja, kuonyesha kwamba haogopi. Mimi nilisukumwa na umati mpaka kwenye dirisha la gari lake. Nilimwona amekaa ndani, anajimiminia dawa ya mikono mpaka kwenye viwiko.

"Ile ni juu ya vumbi," alisema mama mdogo nilipomweleza.

Muda si mrefu, jirani yake wa meza pale sokoni akaugua, akafa. Walikuwa wanakula sahani moja kila mchana. Wahudumu wa afya wakaja na magari yao, wakasema mama mdogo achanjwe upesi, bila malipo. Neno hilo la mwisho ndilo lililoharibu kila kitu. Alifunga mlango.

Mimi ni mwalimu. Kazi yangu ni kueleza mambo mpaka watu wasinzie. Nilimweleza virusi, nikamweleza kinga, nikamchorea na picha. Akanisikiliza kwa upole, kisha akauliza, akiniita Papa kama alivyoniita tangu utotoni:

"Papa, kule Beni bauaji banatuchinja na mapanga kila siku. Nani alituletea kitu ya bure? Malaria inamaliza batoto. Dawa ya bure iko wapi? Lakini kwa hii moja tu, banatupenda?"

Hapo hakukuwa na uongo. Ndivyo yule bwana alivyousonga ugali wake: unga wa kweli, maji ya uongo, na mwiko mkubwa. Nilikaa pale namtazama anakohoa kwa vumbi la unga. Niliogopa. Sikuwa na mama mwingine.

Basi nikaacha kufundisha, nikaanza kampeni.

"Mama mdogo," nilisema, "wewe huwezi kudanganywa. Hata wale wa Kasindi wanaobadilisha pesa mpakani wanakuogopa." Akatabasamu. Nikapunguza sauti. "Sasa sikia. Wakubwa wote wameshachanjwa kwa siri, kule Mavivi, kabla ya kupanda ndege. Wanatuambia ugonjwa haupo ili tusiigombanie. Dawa ni kidogo."

Sikuwa na ushahidi hata wa kujaza kisoda. Nilimsifu, nikamtisha, nikampa adui. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchora kirusi kimoja.

Alisimama, akakaza kitenge.

"Kwani siye hapana batu?"

Kwenye hema la chanjo alimwambia muuguzi, "Unipige ile ya bakubwa. Ya bure, hapana." Nilimkonyeza muuguzi, naye, Mungu ambariki, akainama chini ya meza kama anayetoa kitu kilichofichwa. Mama mdogo alipata homa kidogo, akanilaumu, akapona. Ugonjwa haukumshika. Nilijifungia chumbani nikalia kwa furaha, halafu nikatoka nimejaa majivuno kama mgombea.

Kwetu uchaguzi uliahirishwa. Ulipofika uchaguzi mwingine, ugonjwa ulikuwa umekwisha na bwana mkubwa akarudi juu ya gari lilelile. Safari hii alisema yeye ndiye aliyepigania chanjo ifike Butembo. Watu wakapiga makofi. Mama mdogo alipiga makofi kuliko wote.

Nilimshika mkono. "Mama mdogo, si huyu aliyesema ugonjwa haupo? Nusura akuue!"

Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mwanafunzi asiyeshika somo.

"Papa, wewe hapana kujua politiki. Alikuwa anaificha ile chanjo, juu bale ba miji mingine basikuye kutumalizia dawa. Wewe mwenyewe uliniambia."

"Mimi nilikwambia wakubwa—"

"Eeh. Na nilipona, ao hapana?"

Alikuwa amepona. Alitengeneza kitambaa kichwani, akaniacha pale nilipo, akaenda kupanga foleni ampe mkono.