Ukuta wa Konokono, Urambo

Siku yangu ya kwanza ya ualimu, Urambo, nilikuta darasa tupu. Kidato cha tatu walikuwa mbugani wakichimba udongo wa tofali za bani, nyumba ya kukaushia tumbaku, la mkuu wa shule. Saa ya jiografia! Hasira ya siku ile sijaimaliza hadi leo.

Niliingia shimoni nikafundishia humohumo. Ukuta wa shimo ulionyesha matabaka: juu udongo mweusi wa mfinyanzi, katikati tabaka jeupe lenye magamba ya konokono wa majini, chini kabisa mchanga mwekundu. Nikawaeleza kwamba katika enzi ya barafu maji mengi ya dunia yaliganda huko kaskazini na juu ya milima, mvua zikapungua, hapa pakabaki mchanga. Barafu ilipoyeyuka mvua zilirudi, pakawa ziwa, ndipo wakaja konokono.

"Kumbe hapa nyumbani pamebadilika hivi na hakuna aliyetuambia?" aliuliza Nyanzala, binti wa mkulima wa tumbaku. "Mwalimu, ukuta huu usichimbwe. Na wadogo zetu wauone."

Nilimwahidi mbele ya darasa zima.

Miaka miwili ukuta ule ulikuwa darasa langu. Kisha mkuu akataka bani la pili, akaniita ofisini.

"Mwalimu, mtihani hauulizi konokono. Na barua yako ya uhamisho wa mjini inangoja saini yangu. Tuelewane."

Tukaelewana. Wanafunzi waliuchimba ukuta wao wakaufyatua tofali kwa mikono yao, nami nikafunga virago kwenda Itetemia, mjini. Huko nilichora milima ya Ulaya ubaoni hadi nilipostaafu. Walinakili, wakakariri, wakafaulu. Upuuzi mtupu!

Juzi Nyanzala, sasa mwalimu huko Ipole, alinibishia hodi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka kuwapeleka wanafunzi wangu Urambo, wakauone ule ukuta."

Nikamwambia ukweli. Afadhali angenitukana. Aliuliza tu kama bani la pili bado limesimama.

"Limesimama. Tofali zake mbichi, hazikuchomwa."

"Basi magamba yamo. Nitawapeleka banini, na wewe utakuja uwaeleze tofali zilitoka wapi."

Nimekubali. Nitawaeleza barafu, mvua na ziwa. Kisha nitawaambia kwamba udongo aliuchukua mkuu, lakini mdomo niliufunga mwenyewe.