Viatu Vilivyotosha

Fundi viatu mmoja alikuwa na tabia iliyowachekesha majirani: viatu vya bintiye hakuvishona hata siku moja vikamtosha. Kila mwaka, shule zikikaribia kufunguliwa, alimsimamisha mtoto juu ya kipande cha boksi, akazungusha penseli kwenye nyayo, kisha akakata soli namba moja zaidi. Mbele akajaza kitambaa. "Vitakutosha mwaka kesho," alimwambia. Mkewe alimwita bahili hadharani, naye akacheka tu. Binti mwenyewe, ambaye kwa maneno yake mengi aliitwa Kasuku, alikwenda shule akiburuta viatu, kwa-kwa-kwa, unamsikia kabla hujamwona.

Alipofika miaka kumi, Kasuku akaanza kuchechemea. Majirani wakasema ni hivyo viatu vya baba yake, wakacheka. Mguu ukavimba, wakaacha kucheka.

Daktari alikuwa mama wa makamo asiyependa kuzungusha maneno. Aliwakalisha wazazi wote wawili akawaeleza: ni saratani ya mfupa, chini kidogo ya goti la kulia. "Tukiukata mguu sasa na kumpa dawa, ana nafasi nzuri ya kupona. Tukitegemea dawa peke yake, huenda mguu ukabaki, lakini ugonjwa ukifika mapafuni, sitakuwa na la kuwaambia. Nipeni jibu Ijumaa." Akamsogezea fundi fomu.

Mama Kasuku alisema papo hapo: wakate. Alisema huku analia, lakini alisema. Fundi akaikunja fomu mara nne, akaitia mfukoni. Jamani, miaka ishirini anavisha watu miguu, leo atie sahihi mguu wa mwanawe ukatwe? Na daktari mwenyewe kasema nafasi, hakusema hakika. Mtoto akatwe mguu, halafu wamkose vilevile? Aa, hapana. Bora abaki mzima.

Siku zile hawakusemeshana na mkewe ila mambo ya chai na chumvi. Fundi akafanya analolijua, akashona viatu. Alhamisi mchana akaingia navyo chumbani, vyeusi, vinang'aa. Kasuku akavivaa, akasimama ameshika ukuta. Akainama akabonyeza mbele kwa kidole. Akavua kimoja, akachungulia ndani, akakivaa tena.

"Baba, mbona vimenitosha?"

Fundi akainama, akabonyeza naye. Alikuwa amepima kwenye boksi kama kawaida yake. Mkono ndio uliokata namba ileile ya mguu, bila kuongeza, wala yeye hakujua.

"Sasa vya mwaka kesho viko wapi?"

Hakuwa analia. Aliuliza tu, kama mtu anayetafuta daftari lake. Fundi akakaa chini sakafuni, akaishika ile miguu miwili, na aibu aliyoiona siku ile hajapata kuiona tena. Kumbe yeye aliyekataa kukata mguu ndiye aliyekwisha kumzika mtoto mzima!

"Nimekosea, mwanangu. Nitashona vingine." Akauachia mguu wa kulia. "Ila nitashona kimoja."

Kasuku alikuwa amesikia mengi kupitia ukutani, hivyo hakuuliza kwa nini. Akagusa kiatu kimoja.

"Cha kushoto?"

"Cha kushoto."

"Itauma?"

"Itauma. Nitakuwepo."

"Usiniambie haitauma halafu iume."

"Nimesema itauma, wewe!"

Mtoto akacheka kidogo, kisha akalia, na baba akalia naye bila kujificha. Mkewe alipokuja mlangoni alimkuta anaikunjua fomu juu ya goti, ina doa la gundi, anauliza kalamu iko wapi.

Wiki tatu baada ya upasuaji, fundi alifika wodini na kiatu kimoja kwenye mfuko. Kasuku alikuwa amekonda, kichwa kimebaki upara kwa sababu ya dawa, ila ulimi haukuguswa. Akatumbukiza mguu, ukapotea humo ndani. Akauchomoa, akaanza kuvuta kitambaa. Akavuta, kikaja. Akavuta tena, kikaendelea kuja, mpaka kikajaa mapajani.

Nesi aliyekuwa akibadilisha shuka akaangua kicheko. "Baba, na wewe fundi gani usiyejua kupima?"

Kasuku akamgeukia kwa ukali.

"Anajua sana," akasema, huku akianza kukirudisha kitambaa mbele ya kiatu. "Nikikua, utaona."