Waya Uliofungwa Uzi wa Bluu

Asubuhi aliyorudi kazini, Mama Waya aliingia studio kiubavu, sikio la kulia likitangulia, kama mtu anayenyemelea mazungumzo ya chumba cha pili. Tabia hiyo ilimwanza alipougua. Sikio la kushoto lilitunga usaha likamlaza kitandani, na hata daktari aliposema limepona, yeye hakuliamini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Wanamuziki walimpa jina la Mama Waya kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta kazini bila waya unaoning'inia begani. Kazi yake ilikuwa kurekodi, na aliifanya kwa maneno machache. Masikio ndiyo yaliyokuwa jembe lake. Ndiyo maana alikuwa amejiwekea nadhiri ambayo hata mumewe hakuijua: leo angerekodi drams, na kama sikio lingemsaliti, jioni angemrudishia mwenye studio ufunguo na asirudi tena.

Mpiga drams alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, anayepigia bendi ya harusini. Wenzake wangekuja mchana. Asubuhi ilikuwa ya drams peke yake. Shemeji alikuwa ameshafika, anakaza ngozi za ngoma kwa ufunguo mdogo.

"Shemeji! Umekonda hivyo? Nilidhani stendi ya maiki imevaa gauni."

"Na wewe hicho kiti ulichokikalia kimeniomba likizo ya ugonjwa."

Shemeji akacheka. Mama Waya akacheka naye, ila kidogo, kisha akafungua sanduku la maiki.

Hakuwa mtu wa kutumia kila alichonacho ili kujionyesha. Kwa ngoma kubwa ya mguuni, ile wanayoiita kiki, alichukua maiki nene yenye kifua kipana, isiyoogopa kishindo, akaipenyeza kwenye tundu la ngozi ya mbele na kuielekeza pale nyundo inapogonga. Kwa snea, ile ngoma ndogo yenye nyaya tumboni inayolia kama kiboko, alichagua maiki ngumu ya kawaida, ya aina ambayo hata ikianguka huokotwa ikaendelea na kazi. Akaiinamisha juu ya ukingo, inachungulia katikati ya ngozi, na kuigeuzia kisogo matoazi ili yasiifokee.

Zikabaki mbili nyembamba za kuning'inia juu, zenye kusikia mpaka pumzi. Hizi ndizo zinazoona seti nzima kama ndege anavyoona shamba. Mama Waya akatoa mfukoni kamba yake ya kupimia. Akamwambia shemeji ashike ncha moja katikati ya snea, yeye akaivuta nyingine hadi kwenye maiki ya kwanza, akaibana kwa vidole palepale, kisha akaipeleka kwenye ya pili na kuisogeza stendi mpaka kamba ikatosha sawasawa. Mlio wa snea ulipaswa kuzifikia zote mbili kwa pamoja, bila moja kumsubiri mwenzake.

"Wengine wanakadiria kwa macho tu," shemeji alisema.

"Wengine wana macho."

Akaingia chumba cha mitambo, akavaa hedifoni, akampungia mkono kupitia kioo. Shemeji akaanza kupiga.

Kiki ilikuja imeshiba. Matoazi yalimeta. Lakini snea ilikuwa imekonda, haina kifua, kama mtu amefunika bati kwa gazeti. Mama Waya akatoka, akaishusha maiki kidogo, akarudi. Bati. Akaipandisha. Bati. Akapima tena kwa kamba, na kamba haikuwa na kosa.

"Unaisikiaje huko kwenye hedifoni zako?" akauliza.

"Iko safi kabisa, shemeji. Tamu!"

Basi ni mimi, alijiambia. Akaketi. Mkono wake ukaingia kwenye pochi wenyewe ukaugusa ufunguo wa studio. Aliwaza jinsi angeuweka juu ya meza ya mwenye studio, na jinsi mumewe angesema "haya yatapita", naye angejua hayapiti.

Hata hivyo, alipoinua macho, alimwona shemeji kupitia kioo ameiinamia snea, anaigonga kwa kidole huku amekunja uso. Mtu anayesikia utamu hakunji uso hivyo. Akaenda akasimama mbele yake.

"Niangalie. Wewe ni mdogo wangu, na mimi si yai. Hiyo snea unaisikiaje?"

Shemeji akajikuna shingo. "Kaka kaniambia nisikupe presha leo. Kasema nikusifie tu."

"Nakuuliza snea."

"Kama debe, shemeji! Debe tupu! Nimekaza ngozi nikalegeza, wapi! Nilidhani ngoma yangu imekufa, nikaona aibu kusema."

Debe. Wote wawili walisikia debe lilelile. Macho yakamlowa Mama Waya.

"Unaona? Ndiyo maana nilikudanganya!"

"Nyamaza, piga."

Alirudi mbio. Akazima maiki za juu, akabakiza ile ya snea peke yake: nzima, ina kifua. Akarudisha za juu: debe. Hapo akajua. Kila moja peke yake ni nzima, zikikutana zinauana, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kila mtu kutoka upande wake. Waya wa snea ulikuwa umeungwa kinyume mahali fulani.

Akarudi kwenye ngoma, akaufuata waya kwa mkono kutoka kwenye maiki hadi ncha ya pili, na hapo vidole vikakutana na kitu laini. Palipopaswa kuwa na utepe wa umeme palikuwa pamezungushiwa uzi wa bluu, uliobanwa mzunguko kwa mzunguko, umefungwa kwa fundo dogo la kifundi. Ulikuwa uzi wa sare za shule. Mumewe alikuwa fundi cherehani.

Akakumbuka: waya huu ulikuwa umekatika, akaenda nao nyumbani kabla hajaugua, ukabaki juu ya meza. Siku alipopata nafuu aliukuta begini umekunjwa, hakuukunjua, akadhani aliutengeneza mwenyewe kabla ya homa.

"Kumbe ni kaka!" Shemeji alijipiga paja. "Mtu wa vifungo kaingia kwenye umeme!"

Mama Waya akaweka waya mwingine. Snea ikalia, ikajaa chumba kizima, na shemeji akapiga wimbo wote bila kuambiwa, akitabasamu kama aliyerudishiwa mtoto. Wimbo ulipokwisha kurekodiwa, Mama Waya alipiga simu nyumbani.

"Vipi, mke wangu? Ule waya umefanya kazi? Nilitaka uukute tayari."

"Nimeuona. Umeshonwa vizuri sana. Jioni nitakuonyesha nyekundu inaenda wapi na nyeupe wapi."

"Nimeharibu?"

"Kidogo."

"Na sikio?"

Ndipo alipogundua kwamba simu alikuwa ameiweka upande wa kushoto. Nyuma ya sauti ya mumewe alisikia cherehani ikizunguka polepole, kisha ikasimama kumsubiri ajibu.

"Lipo," alisema. "Endelea kushona."